Nani Atamgeuza Aliyelala Ndani ya Mashine?

Mwaka 1974 mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick aliuliza swali ambalo teknolojia ya leo imelisogeza karibu nasi. Tuseme ipo mashine inayoweza kukupa tajriba yoyote unayoitaka. Wataalamu wa ubongo wanakuweka ndani ya tangi, wanakuunganisha elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme kwenye ubongo, na kuanzia hapo unahisi kwamba unaandika riwaya kubwa, unapata rafiki, unasoma kitabu kinachokukosesha usingizi. Ukiwa humo hujui kwamba umo. Maisha unayachagua mapema kutoka kwenye maktaba pana ya tajriba za watu wengine, kwa vipande vya miaka 2. Miaka hiyo ikiisha unatolewa kwa dakika 10 au saa 10, unachagua mingine 2, unarudishwa. Je, ungekubali?

Swali lilielekezwa kwa wale wanaoshikilia kwamba wema wa maisha ni jinsi yanavyohisiwa na mwenye kuyaishi, basi. Kama wako sahihi, kuikataa mashine ni upumbavu. Ila walio wengi huikataa. Katika uchunguzi wa maoni ya wanafalsafa wa mwaka 2020, takriban 77% walisema wasingeingia na 13% walisema wangeingia. Nozick aliueleza msimamo huo kwa mambo matatu: tunataka kutenda, na kuhisi kwamba tumetenda hakutoshi, tunataka kuwa watu wa namna fulani, ilhali mwili unaoelea ndani ya tangi si jasiri wala mwoga, na tunataka kukutana na ulimwengu mpana kuliko ule uliobuniwa na binadamu.

Katika kurasa hizohizo kuna jambo alilolipita haraka. Anasema huna haja ya kubaki nje kwa ajili ya kuwahudumia wenzako, kwa kuwa nao wanaweza kuingia. Na anaomba tusijali nani atazihudumia mashine ikiwa kila mtu ameingia. Ombi hilo linaeleweka, maana jaribio la kufikirika huondoa vikwazo ili swali libaki wazi. Lakini kilichowekwa kando hapo ni zaidi ya kikwazo cha kiufundi. Ni sehemu kubwa ya jibu. Raha inaweza kutengenezwa. Kinachobaki bila mtu ni ile kazi ambayo raha hiyo ilikuwa ikitoa taarifa zake.

Kabla ya kufika huko, jaribio lenyewe lina kasoro inayopaswa kutajwa. Mtu anaweza kuikataa mashine kwa sababu zisizohusu wema wa maisha hata kidogo: haiamini mitambo, anaogopa umeme kukatika, au ameyazoea tu maisha aliyonayo. Mazoea yana nguvu. Mwaka 1988 William Samuelson na Richard Zeckhauser walionyesha kwamba chaguo likielezwa kuwa ndiyo hali iliyopo, watu hulipendelea zaidi kuliko likielezwa kama jambo jipya, hata kama ni chaguo lilelile. Mwaka 2010 mwanafalsafa Felipe De Brigard akachapisha matokeo ya kuligeuza swali la Nozick. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliombwa wafikirie kwamba wameunganishwa na mashine kimakosa tangu zamani, na sasa wanapewa nafasi ya kutoka. Kati ya walioambiwa kwamba nje wao ni wafungwa gerezani, 87% walichagua kubaki ndani. Walioambiwa kwamba nje wao ni wasanii mamilionea wanaoishi Monaco waligawanyika nusu kwa nusu. Kati ya wale ambao hawakuelezwa lolote kuhusu maisha ya nje, 46% walitaka kubaki.

Wapo wanaozisoma takwimu hizi kama ushindi wa raha: kumbe watu hawajali uhalisia, wanajali mazoea tu. Sikubaliani nao. Kama kilichokuwa kikipimwa ni raha peke yake, wale wasiojua lolote kuhusu maisha ya nje wasingekuwa na sababu ya kuacha maisha yanayowaridhisha na kwenda kwenye giza. Zaidi ya nusu yao walikuwa tayari kuyaacha. Uhalisia una uzito, ila uzito huo una kikomo, na gereza linaushinda. Tuangalie pia anayebaki anabaki kwa ajili ya nini. Machoni pake, humo ndani ndimo alimo mama yake, watoto wake, deni alilokopa, kazi aliyoianza. Kukataa kutoka kunaweza kuwa uaminifu kwa watu ambao anaamini wapo. Hilo liko mbali na kuchagua starehe.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe, maana hapa ndipo mazungumzo mengi yanapokuwa mepesi mno. Watu huongea kana kwamba ubongo una kituo kimoja cha raha, na kinachohitajika ni kukichochea. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 1954, pale James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipopandikiza elektrodi kwenye ubongo wa panya na kugundua kwamba panya alirudi tena na tena kwenye kona aliyochochewa. Walipompa kibonyezo ajichochee mwenyewe, alibonyeza mamia ya mara kwa saa. Katika majaribio ya baadaye, panya wengine walifikisha maelfu. Mwaka 1965 Routtenberg na Lindy waliwapa panya muda mfupi kila siku wa kuchagua kati ya chakula na kibonyezo. Baadhi walibonyeza hadi wakafa kwa njaa.

Kwa miaka mingi matokeo hayo yalihesabiwa kuwa ushahidi wa raha isiyo na mfano. Lakini kubonyeza si sawa na kufurahia. Mwaka 1986 madaktari walichapisha kesi ya mwanamke aliyepandikizwa elektrodi ndani ya thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo inayopokea taarifa za hisi, ili kupunguza maumivu sugu. Kifaa kilimletea pia msisimko wa kimapenzi. Akawa anajichochea kutwa nzima, akaacha kuoga na kuishughulikia familia yake, na ncha ya kidole alichotumia kuzungusha kirekebishi ikapata kidonda kisichopona. Wakati mwingine aliwasihi ndugu zake wamnyang'anye kifaa, kisha akakidai tena. Mtu aliyezama katika raha kamili hasihi anyang'anywe.

Ufafanuzi mzuri zaidi umetoka kwa mtafiti wa ubongo Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan. Panya aliyeondolewa karibu dopamini yote ya ubongo, yaani kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari, hatafuti chakula, asipolishwa atakufa. Lakini ukimdondoshea maji ya sukari mdomoni, analamba midomo kwa namna ileile ya panya mzima. Kutaka kumekufa, kufurahia kumebaki. Kinyume chake pia hutokea: ukiichochea mifumo ya dopamini, mnyama hutaka zaidi bila dalili kwamba anafurahia zaidi. Sehemu zinazoongeza kufurahia kwenyewe ni ndogo sana. Katika ubongo wa panya kila moja ina ukubwa wa kama milimita moja ya ujazo, na hufanya kazi kwa kemikali za jamii ya afyuni zilizomo mwilini. Anayetaka kujenga mashine ya raha anaweza kukosa shabaha kidogo tu na akajenga mashine ya uchu.

Tuseme shabaha imepatikana. Bado kuna tatizo la pili. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipopima seli za dopamini za nyani katika miaka ya 1990, aliona kwamba nyani akipewa juisi bila kutarajia, seli hizo huitika kwa nguvu. Akishajifunza kwamba taa huwaka kabla ya juisi, mwitiko unahamia kwenye taa, na juisi yenyewe haileti mwitiko tena. Juisi ikikosekana baada ya taa kuwaka, seli hunyamaza chini ya kiwango cha kawaida. Mfumo huu unapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, kwa hiyo zawadi ya uhakika haina cha kuufundisha. Katika maisha ya watu kuna jambo linalokaribiana na hilo: mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wengine 22 wa kawaida, na washindi hawakuwa na furaha kubwa zaidi kwa jumla. Tena walisema wanapata raha ndogo kuliko wenzao kutoka kwenye mambo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki.

Basi mbunifu wa mashine afanye nini? Akiweka raha kwenye kiwango kimoja, inazoeleka. Akipandisha kipimo, vipokezi vya kwenye seli, vinavyoipokea kemikali hiyo, hupungua, na kesho atahitaji kipimo kikubwa zaidi ili kufika palepale. Akifuta kumbukumbu kila siku ili kila jambo liwe jipya, anaangukia hoja ambayo Plato aliitoa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: asiye na kumbukumbu hata hajui kwamba jana alifurahi, na maisha yake ni ya chaza. Njia iliyobaki ni kuingiza mshangao, na mshangao wa kweli unadai uwezekano wa kukosa. Itabidi aweke milima inayochosha, mchumba anayeweza kukataa, ugunduzi unaopatikana baada ya majaribio mengi yaliyoshindwa. Kadiri anavyoirekebisha mashine ili raha yake idumu, ndivyo anavyozidi kunakili maisha aliyokusudia kuyapita. Katika utafiti wa wanasaikolojia Csikszentmihalyi na LeFevre wa 1989, wafanyakazi walipewa vifaa vilivyolia kwa ghafla ili waandike wanachofanya na wanavyojisikia saa hiyo, nao waliripoti hali ya kuzama katika jambo gumu linalolingana na ustadi wao mara nyingi zaidi wakiwa kazini kuliko wakiwa mapumzikoni, ingawa walipoulizwa walisema wangependa kuwa wanafanya kitu kingine. Uhondo wa ngoma uingie ucheze, na anayecheza anaweza kukanyagwa.

Kwa hiyo mashine bora ingekuwa nakala ya maisha yenye jasho, hofu na kungoja. Ikiwa ni hivyo, tofauti yake na maisha halisi inabaki wapi? Inabaki kwenye mambo mawili: mwili uliolala, na wale ambao hawapo upande wa pili.

Tuanze na mwili, kwa sababu unasahaulika. Mtu asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia, kwa kuwa uzito wa mfupa hubana mishipa midogo ya damu kwenye makalio, visigino na mgongo hadi nyama inakosa oksijeni na kufa. Desturi ya wauguzi ni kumgeuza mgonjwa wa namna hiyo kila baada ya takriban saa 2, usiku na mchana. Kumweka ndani ya maji kunapunguza mgandamizo lakini kunaleta balaa lingine: ngozi iliyolowa kwa siku nyingi hulainika, huchubuka na kuingiza vijidudu. Analishwa kwa mrija unaopenya tumboni. Mkojo unatolewa kwa mpira, na kila siku mpira huo unapobaki ndani, uwezekano wa maambukizi unaongezeka. Damu isiyosukumwa na misuli ya miguu huelekea kuganda, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua ndani ya dakika chache. Mifupa nayo inahitaji kubebeshwa uzito: wanaanga wamekuwa wakipoteza kati ya 1% na 1.5% ya madini ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Miaka 2 ya tangi ni miezi 24. Anayetolewa ili achague maisha mengine huenda asiweze kuinua kalamu ya kusaini.

Vifaa pia viko mbali sana na ndoto. Miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, inalazimika kubadilisha picha ndani ya takriban milisekunde 20 (sehemu 20 za elfu za sekunde) tangu kichwa kigeuke, la sivyo macho na sikio la ndani hupingana na mtumiaji huanza kichefuchefu. Hiyo ni kwa macho na masikio tu, na kutokea nje. Kuingia ndani ni kugumu zaidi. Kifaa cha kusikia kinachopandikizwa kwenye komboli ya sikio, ile sehemu ya ndani yenye umbo la konokono, ambacho ndicho kimefanikiwa kuliko vyote vya aina yake, kwa kawaida huwa na elektrodi zisizozidi 22 mahali ambapo sikio zima lina seli za kusikia za ndani takriban 3,500. Watu hufuata mazungumzo kwa kifaa hicho, jambo la kushukuriwa sana, lakini muziki huwafikia ukiwa umepoteza mengi. Neva ya jicho moja ina nyuzi kama milioni 1. Elektrodi zinazochomekwa kwenye ubongo huzungukwa na kovu, na mawasiliano yake hudhoofika kadiri muda unavyopita.

Kisha kuna swali la mwenye mashine. Kifaa cha macho kiitwacho Argus II, chenye elektrodi 60, kiliwarudishia zaidi ya watu 350 waliopofuka uwezo wa kuona mwanga na maumbo. Mwaka 2019 kampuni ya Second Sight iliacha kukitengeneza, na mwaka uliofuata ikakaribia kufunga kabisa. Waliokuwa nacho ndani ya jicho wakabaki na chombo kisicho na vipuri wala fundi. Hao walikuwa na kifaa cha kuonea tu. Aliyekabidhi maisha yake yote anakabidhi pia siku ambayo hesabu za kampuni hazitalipa.

Angalia sasa orodha ya waliohitajika hadi hapa: muuguzi wa kugeuza, fundi wa elektrodi, mpishi wa lishe ya mrija, msafishaji wa tangi, mhandisi wa umeme, daktari wa damu iliyoganda. Wote wako nje, na wote wanafanya jambo ambalo aliye ndani hawezi kulifanya: wanabadilisha hali ya mtu mwingine. Muuguzi akiota kwamba amemgeuza mgonjwa, kidonda kitachimbika vilevile. Ndiyo maana ombi la Nozick la kuweka suala hili kando linaficha mengi. Tukiliacha mezani tunaona kwamba thamani ya kugeuza mgonjwa haipo kwenye hisia za anayegeuza. Anaweza kuifurahia kazi, anaweza kuichukia, na ngozi ya mgonjwa inapona kwa kiasi kilekile.

Raha na maumivu ni taarifa. Mwaka 2006 watafiti walieleza chanzo cha kijeni cha hali ya watoto wa familia kadhaa za kaskazini mwa Pakistan waliozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu: hitilafu katika jeni ya SCN9A, inayoongoza utengenezaji wa mlango wa sodiamu ambao neva za maumivu huutumia kupeleka ishara. Watoto hao walikuwa wamejing'ata ndimi na midomo, wamevunjika mifupa bila kujua. Mmoja, aliyejulikana kwa kutembea juu ya makaa ya moto mbele ya watazamaji, aliruka kutoka juu ya paa na kufa kabla ya kutimiza miaka 14. Waliondolewa taarifa ya madhara, madhara yenyewe yakabaki. Anayetengeneza raha pasipo chanzo chake anasukuma kwa kidole mshale wa geji ya mafuta hadi uonyeshe tangi limejaa.

Mtetezi wa raha ana jibu zito hapa, na halistahili kupuuzwa. Anauliza: jambo ambalo halitahisiwa nawe kamwe linawezaje kuwa zuri au baya kwako? Mpe mzazi chaguo moja. Katika njia ya kwanza mtoto wake yu mzima na anaendelea vizuri, lakini mzazi ataamini hadi mwisho kwamba amekufa. Katika njia ya pili mtoto amekufa, na mzazi ataletewa barua za uongo zenye furaha kila mwezi. Wazazi wengi watachukua njia ya kwanza, pamoja na huzuni yake yote, na hawatakuwa wamechanganyikiwa. Walichokitaka ni uzima wa mtoto. Utulivu wa moyo ulikuwa unaufuata uzima huo. Unaweza kusema wanajitoa mhanga kwa ajili ya mtoto, na kwamba hilo halihusu wema wa maisha yao wenyewe. Ila muulize mzazi huyo ni maisha gani anayaita yameharibika, ya mzazi aliyehuzunika bure au ya mzazi aliyefurahia barua za marehemu. Sioni namna ya kulijibu swali hilo kwa kupima hisia.

Hata hivyo nisieleweke kwamba hisia hazina kazi. Mtu mwenye mafanikio, watoto na heshima, ambaye unyong'ovu umemwondolea uwezo wa kufurahia chochote, hana maisha mema. Anahitaji matibabu haraka. Epikuro, anayehesabiwa kuwa baba wa falsafa ya raha, aliuweka urafiki juu kabisa na akaishi kwa chakula cha kawaida. Aristotle alisema hakuna ambaye angechagua kuishi umri wake wote akiwa na akili ya mtoto, hata kama angefurahia kwa kiwango cha juu kabisa yale yanayowafurahisha watoto. Wote wawili waliona kwamba raha njema inakua juu ya kitu. Naafikiana nao: maisha mema yanadai kitu chenyewe na kukifurahia, na kimoja hakilipi deni la kingine.

Kwa kipimo hicho, uigaji una mahali pake pa heshima. Tangu miaka ya 1990 Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, wamewavisha wagonjwa wa moto miwani ya uhalisia pepe wakati wa kusafishwa vidonda. Mgonjwa anapita kwenye bonde la barafu, anarusha mipira ya theluji, na maumivu anayoripoti hupungua sana akiwa bado anatumia dawa zake. Sababu yake iko wazi: umakini una kikomo, na ukishughulishwa kwingine, unaobaki kwa ajili ya maumivu ni mdogo. Hapa hakuna udanganyifu. Mgonjwa anajua yuko wapi, kidonda kinasafishwa kweli, na miwani inavuliwa kazi ikiisha. Taarifa ya maumivu imeshafika na imeshafanyiwa kazi, kwa hiyo kuipunguza sauti hakumpotezei chochote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitu kisichohitaji tangi wala elektrodi: programu za akili mnemba zinazojifanya rafiki au mchumba. Hizi hazikosei kwenye hisia. Upweke wa mtumiaji unapungua kweli kwa saa ile. Februari 2023 kampuni ya programu ya Replika iliondoa mazungumzo ya kimahaba, na watumiaji wengi wakaeleza maombolezo ya kweli, wakisema mwenza wao amebadilika usiku mmoja. Sioni sababu ya kuwacheka. Walipenda. Lakini hakuna aliyewaacha, wala aliyeugua, wala aliyewahitaji. Programu haiumii usipoifungua mwezi mzima. Haikuombi umpeleke mama yake hospitali. Inakuelewa kila mara, kwa hiyo hujifunzi kamwe kumwelewa mtu aliye tofauti nawe.

Nusu ya wema wa urafiki iko kwenye kuhitajiwa, na nusu hiyo haiwezi kuigizwa kwa sababu inamtaka mwingine awepo. Utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938, ukawafuata wanaume 724 kwa maisha yao yote, ulionyesha kwamba walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi wakiwa na miaka 80. Mahusiano hayo hayakuwa laini muda wote. Baadhi ya wanandoa waligombana kila siku, ila kila mmoja alijua kwamba siku ya shida mwenzake atakuwepo. Kwa programu ya namna hii ningeuliza mambo machache kabla ya kuisifu. Je, baada ya miezi 3 mtumiaji anazungumza na watu wengi zaidi au wachache zaidi? Je, ipo siku inamwambia aifunge aende kwa fulani? Je, kampuni inapata faida anapopona upweke, au anapobaki nao? Swali la mwisho ndilo huamua mengine yote, kwa sababu programu inayolipwa kwa dakika zilizotumika itajifunza kuongeza dakika.

Ipo hali moja ngumu ambayo hoja zangu hazina budi kuikabili. Mtu amepooza kuanzia shingoni, maumivu yake hayasikii dawa, na madaktari hawana zaidi. Kwake yeye nje ni gereza, na wale 87% waliochagua mashine badala ya gereza hawakukosea. Kama mashine ingekuwepo na akaitaka kwa akili timamu, ningeunga mkono apewe. Lakini nisingempa ile ya Nozick, iliyojaa watu wa kubuni. Ningempa yenye mlango, ambamo dada yake na rafiki zake wanaweza kuvaa vifaa vyao na kuingia kwa saa chache kila jioni, naye akijua kwamba hao ni wao. Mwanafalsafa David Chalmers alitetea kwa kirefu mwaka 2022 kwamba yanayotendeka ndani ya ulimwengu pepe yanaweza kuwa matendo halisi, na kwa ulimwengu wa namna hii namkubalia. Ahadi aliyompa dada yake humo ni ahadi. Shairi alilotunga humo, likisomwa na mpwa wake kesho yake, limesomwa. Anaweza kumfundisha mtu hesabu, kumfariji aliyefiwa, kumkosea mtu na kuomba msamaha. Utafiti wa mashine ya aina hiyo bado unadai mambo mengi madogo: elektrodi zisizozungukwa na kovu, mawasiliano yasiyochelewa, mkataba unaombana mtengenezaji atoe vipuri kwa umri wote wa mgonjwa, na mshahara wa watu watatu wa kupokezana kitandani kwa saa 24.